Shajara ya mradi: mkia wa bakteria ndani ya oili ya gia

Juni, baridi imeanza

Kwa wasionijua, mi nasuka mota hapa Uyole, Mbeya. Mashine za kusaga, pampu za wakulima wa mpunga wa Igurusi, mota za misumeno ya mbao kutoka Mafinga, zikiungua zinaletwa, nafungua, natoa waya uliokufa, nasuka upya, napima, mteja anaondoka. Sasa mpwa wangu anasomea mambo ya maabara, alikuja likizo akaacha kitabu mezani kimefunguka kwenye mchoro wa kitu kina rota (sehemu inayozunguka), kina steta (sehemu zilizosimama) zimeizunguka, kina shafti inapita kwenye bushi, afu mwisho wa shafti kuna kiungo kinachopinda huku kinazunguka. Nikamuuliza hii mota ya kampuni gani.

"Anko, hiyo ni ya bakteria. Unao tumboni hapo."

Nimeisoma hiyo kurasa hadi imechakaa. Bakteria mwenyewe ni E. coli, urefu wake kama mikroni 2, yaani milimita moja ukiigawa mara elfu, unachukua vipande viwili. Mota yake ina upana wa kama nanomita 45, maana yake ukizipanga mota 20,000 zinagusana bado hujafika milimita moja. Kwenye shafti kunafungwa uzi wa protini uliojiviringa kama koili, unaitwa flajela, unene nanomita 20 na urefu unaweza kufika mikroni 10, mrefu kuliko mwili wenyewe mara kadhaa. Umeme wake sio elektroni za kwenye waya, ni protoni zinazoingia ndani ya seli kutoka nje, mzunguko mmoja unakula kama protoni elfu moja hivi.

Afu spidi. Mota ya fezi tatu ya poli nne ninayoisuka mimi kila siku inazunguka kama mara 1,440 kwa dakika, sawa na 24 kwa sekunde. E. coli akiogelea kawaida mkia wake unazunguka kama mara 100 kwa sekunde. Na kuna mmoja wa baharini, Vibrio alginolyticus, amepimwa hadi mizunguko 1,700 kwa sekunde, na huyo hatumii protoni, anatumia ioni za sodiamu. Mizunguko 1,700 kwa sekunde ni zaidi ya laki moja kwa dakika, mota yangu ikifika hapo beringi zinayeyuka na mimi nakimbia.

Mota nimeielewa haraka. Kilichonishinda ni mkia. Propela ya boti ina mapanga, inasukuma maji nyuma. Huyu ana uzi tu, hauna panga lolote, sasa unasukuma nini? Ndo mradi wenyewe huu, nataka nione kwa macho kwenye benchi langu, na nitaandika hapa kila nikipiga hatua.

Kwanini oili

Vijana wa karakana wameshauliza sana kwahiyo naeleza mara moja. Huwezi kuchukua ndoo ya maji ukaweka koili ya inchi nne ukasema umemwiga bakteria. Kuna namba inaitwa namba ya Reynolds, imetokana na kazi za Osborne Reynolds wa Manchester miaka ya 1880, unazidisha spidi kwa ukubwa wa kitu kwa densiti ya kimiminika afu unagawanya kwa mnato, yaani ugumu wake wa kutiririka. Ikiwa kubwa, kinachotawala ni uzito wa maji, ukishajisukuma unaserereka. Ikiwa chini sana ya 1, kinachotawala ni mnato peke yake. Mtu anayeogelea Matema pale ziwani namba yake inapita elfu kumi bila shida. Bakteria yake iko chini ya 0.0001.

Maana yake kwa vitendo ni hii: Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani, kwenye makala yake ya 1977 alionyesha kwamba bakteria akizima mota anasimama ndani ya muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na umbali anaoserereka ni mdogo kuliko upana wa atomu. Hamna kuserereka kabisa, hamna "ngoja inamalizia spidi". Unasogea pale tu unapojisukuma, ukiacha umeacha.

Kwahiyo mimi mwenye koili kubwa nahitaji kimiminika kizito na mwendo wa polepole. Asali ingefaa kweli kweli lakini mama watoto aliniangalia jicho moja tu nikaghairi. Glisarini ya kupaka inajaa madukani msimu huu wa baridi, ila viko vichupa vidogo vidogo, ungefilisika. Nimetumia oili ya gia namba 140. Mnato wake unazidi wa maji zaidi ya mara elfu moja kwenye joto la kawaida, ni safi unaona kupitia kioo, na nikimaliza naichuja inarudi kazini. Fundi vioo wa Soweto ya hapa Mbeya kanitengenezea sanduku refu la kioo, kaligandisha kwa silikoni. Asubuhi za Uyole za sasa hivi oili inakuwa nzito zaidi, unatoboa kwa kijiti unaona shimo linajifunga taratibu, saa nane mchana imelegea kidogo. Majaribio yote nafanya muda mmoja wa siku, la sivyo huwezi kulinganisha chochote.

Panga linalopiga: halina kitu

Nimeanza na kile ambacho kila mtu angefikiria, mkia wa samaki. Kikopo cha dawa chenye mota ya gia ndogo ya gari la kuchezea, betri moja ndani, nati za kuongeza uzito hadi kikopo kielee katikati bila kuzama wala kupanda, nyuma panga gumu la plastiki linaloenda kushoto na kulia. Kwenye ndoo ya maji kinakimbia vizuri. Kwenye oili kinasogea mbele kidogo, kinarudi pale pale. Mbele, nyuma. Kijana mmoja akasema ongeza nguvu, nikaweka betri mbili, kikawa kinaenda mbele na kurudi pale pale kwa haraka zaidi.

Hii Purcell aliieleza kwa kombe la baharini, lile linalofungua mdomo polepole na kufunga kwa nguvu. Baharini linaenda. Likipunguzwa hadi liwe dogo kama bakteria haliendi popote, kwasababu kwenye mnato mtupu spidi haihesabiki, kinachohesabika ni umbo la mwendo tu. Ukienda njia ile ile na kurudi njia ile ile, hata ukienda kwa sekunde moja na kurudi kwa saa nzima, unafuta ulichofanya.

Nikatoa panga gumu nikaweka kipande cha tyubu ya baiskeli kilicholegea. Kikatambaa mbele! Polepole lakini kinaenda, kwasababu mpira unapinda kwa namna moja ukienda na namna nyingine ukirudi, njia hazifanani tena. Bahati mbaya tyubu na oili haziivi, ukilaza usiku kucha asubuhi mpira umevimba na umekuwa laini kama mlenda, kila mara nakata mwingine.

Waya unaozama upande

Hili ndilo jibu langu la mkia, na halina hata mota ndani yake, ni vipande vya waya wa kopa wa kusukia tu, unene milimita moja, nimevinyoosha na kuvikata sawasawa urefu wa sentimita tatu.

Kipande cha kwanza unakishika kwa koleo kikiwa wima, unakiachia ndani ya oili. Kinazama. Cha pili unakiachia kikiwa kimelala. Kinazama lakini kwa uvivu. Kwenye nadharia, kwa waya mwembamba na mrefu sana, oili inauzuia unaoenda kwa ubavu karibu mara mbili ya unaoenda kwa urefu. Kwangu tofauti ni pungufu ya hapo, waya sio mrefu sana na kuta za kioo nazo zinashika, lakini hauhitaji saa kuiona, wima anafika chini yule mwingine bado yuko njiani.

Sasa cha tatu kiachie kikiwa mshazari. Uzito unakivuta chini moja kwa moja, hakuna kitu kingine kinachokigusa, lakini hakiendi chini moja kwa moja! Kinazama huku kinahama upande, kuelekea kule ncha yake ya chini inakoelekea. Na hakijinyooshi wala hakilali, mshazari ule ule ulioachia ndio unafika nao chini, kimegota kwenye kioo vidole kadhaa pembeni ya pale ulipokidondoshea. Kwenye maji kingeyumba na kujigeuza. Nimelirudia hili kwa kila mteja aliyeingia, mama mmoja wa Tukuyu aliyeleta mota ya mashine yake alikaa akaangalia mpaka mwisho, akasema "mwe, kumbe kinateleza", na kusema kweli hakuna maelezo bora ya hapo. Kinateleza kwa urefu wake kwasababu huko ndiko rahisi.

Koili ni nini basi? Ni vipande vya waya vya mshazari vingi vimeungana. Ukiizungusha, kila kipande kinasukumwa kwa ubavu, na kwa vile kiko mshazari, oili inakijibu na nguvu ambayo sio ya ubavu tu, ina sehemu inayoelekea kwenye mhimili wa koili. Za ubavu upande huu zinafutana na za upande ule, za mhimili zote zinaelekea sehemu moja, zinajumlishana. Hapo ndipo msukumo unatoka. Hakuna panga linalotupa maji nyuma. Mwingereza G. I. Taylor alianza hesabu za namna hii 1951, na yeye pia alikuwa mtu wa kutengeneza vidude na kuviweka kwenye kimiminika kizito.

Koili imekwenda

Nimefunga koili ya waya kwenye kikopo badala ya panga. Imekwenda, kutoka ukuta wa sanduku hadi ukuta, bila kurudi nyuma hata kidogo.

Lakini angalia kikopo: koili inazunguka huku, kikopo chenyewe kinazunguka kule. Mara ya kwanza nilidhani skrubu imelegea. Hapana, ndivyo inavyotakiwa, hakuna mtu ameshika bodi ya mota, mota inaposukuma shafti inajisukuma na yenyewe, kama mota uliyosahau kuifunga boliti chini. Bakteria hivyo hivyo, mwili unazunguka kinyume cha mkia, taratibu zaidi kwasababu mwili ni mnene.

Na hii ndiyo njia waliyotumia kuthibitisha kwamba ni mota kweli. Zamani watu wengi waliamini mkia wa bakteria unajipinda wenyewe kama nyoka. Howard Berg na Robert Anderson wakaandika 1973 kwamba hapana, unazunguka kwenye shina lake. 1974 Michael Silverman na Melvin Simon wakaubandika mkia kwenye kioo cha hadubini kwa kutumia kingamwili, wakauganda usiweze kuzunguka. Kilichoonekana: mwili mzima wa bakteria unazunguka hapo hapo kwenye kioo. Shika shafti, bodi itazunguka. Mi ningekuwa jaji ningefunga kesi palepale.

Kuhusu ufanisi msinicheke. Skrubu kwenye mbao inaingia hatua moja (umbali wa uzi hadi uzi) kwa kila mzunguko. Koili kwenye oili inateleza, inasonga sehemu ndogo tu ya hatua yake, na bakteria mwenyewe anapata kama sehemu ya kumi. Nguvu inayogeuka kuwa mwendo wa mbele ni kama asilimia 2, iliyobaki inaishia kuusumbua mnato. Mteja akiniletea pampu ya asilimia 2 namfukuza. Ila hata hivyo anapiga mikroni 20 hadi 30 kwa sekunde, mara kumi na zaidi ya urefu wake, na gharama yake ya chakula kwa kazi hiyo ni ndogo.

Julai. Kugeuza mwelekeo

Hapa ndo penye utamu kwa watu wa mota.

Fezi tatu ukitaka igeuke unabadilisha fezi mbili, basi. Bakteria naye anahitaji kugeuka. E. coli ana mikia kadhaa, yote ikizunguka kinyume cha saa inajikusanya inakuwa fungu moja nyuma, anaenda moja kwa moja kama sekunde moja. Mmoja au zaidi ukigeuka kufuata saa, fungu linafumuka, anapinduka pinduka kama sehemu ya kumi ya sekunde, afu anaondoka na uelekeo mwingine wowote. Hana usukani. Akiona sukari inaongezeka anachelewesha kupinduka, ikipungua anapinduka mapema, na kwa ujanja huo tu anafika kwenye chakula.

Swali ni anageuzaje mota wakati protoni zinaingia upande ule ule siku zote. Nilidhani ana namna ya kubadili fezi. Kumbe picha za elektroni zilizotoka 2020 zinaonyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye karakana: steta zenyewe zinazunguka. Kila steta ni kigia kidogo cha protini tano za MotA zimezunguka mhimili wa mbili za MotB, protoni zikipita kigia kinazunguka, kinaizungusha rota kubwa. Na vigia vinazunguka kufuata saa tu, siku zote. Kikiigusa rota kwa nje, rota inaenda kinyume cha saa. Protini inayoitwa CheY ikishabeba fosfeti inakuja kuishika rota, pete ya rota inabadili umbo na kutanuka, vigia vile vile sasa vinaigusa kwa ndani, na rota inafuata saa. Chukua gia mbili kwenye benchi ujaribu, gia ndogo nje ya kubwa zinapingana, gia ndogo ndani ya pete zinaenda pamoja. Hakuna waya uliohamishwa.

Nyingine: idadi ya steta sio ya kudumu. Mzigo ukiwa mzito zinaongezeka zinazokuja kujishika kwenye rota, hadi kama 11, mzigo ukipungua zinaondoka. Mota inayojisuka yenyewe kulingana na kazi! Wakipata hiyo wenye mashine za kusaga mimi sina ajira.

Maji ya kijani

Mpwa amerudi na hadubini ya mkopo, kanambia "anko umekwama kwa bakteria, kuna mikia mingine kabisa". Tukachota maji ya kijani pale ng'ombe wanaponywea, yale yenye mbolea ndio wanapenda. Wamejaa Euglena. Ana doa jekundu mbele, anajiviringa akiogelea, na akibanwa na kioo anajikunja na kujinyoosha kama anayejikuna mgongo. Mkia uko mbele, anajivuta nao. Ukiwasha taa yote huoni mkia hata kidogo, inabidi ufunge mlango wa mwanga chini ya jukwaa karibu wote, hapo unaona kivuli kinachochapa chapa. Wana haraka mno, tukachanganya ute wa bamia wakapoa. Tone la ayodini linawaua lakini mkia unasimama wazi wa kahawia.

Huu mkia una jina lile lile la flajela lakini ni mashine nyingine kabisa, hauna mota kwenye shina wala hauzunguki kama shafti. Unene wake kama mikroni 0.2 na zaidi, mara kumi ya ule wa bakteria, na ndani una mirija tisa ya jozi imezunguka miwili ya katikati. Kati ya jozi na jozi kuna protini zinaitwa dainini, jina alilolitoa Ian Gibbons 1965, zinakula ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na kutembea juu ya mrija wa jirani. Nguvu imesambaa urefu mzima wa mkia.

Mpwa akauliza kutembea kunageukaje kuwa kupinda. Hilo nililijibu kwa spoku mbili za baiskeli, nimezifunga pamoja chini kwa waya kwenye jiti, na katikati nimezizungushia vipete vilegevu zisiachane. Sukuma moja kwa urefu wake juu ya nyenzake: haiwezi kupita kwasababu chini zimefungwa, kwahiyo zote zinapinda. Fungua waya wa chini na utoe vipete, sukuma tena, sasa inapita tu, hamna kupinda. Keith Summers na huyo huyo Gibbons walifanya jambo hilo 1971 kwa mikia ya mbegu za kiume za urchini wa baharini, wakakata viunganishi kwa kimeng'enya cha tripsini, wakatia ATP, na mirija ikateleza na kuchomoka mmoja baada ya mwingine. Mpwa kaichukua hiyo spoku, anasema anaenda nayo chuoni.

Chlamydomonas tumemtafuta kwenye maji ya jaruba, yule mwenye mikia miwili anayeipiga kama mtu anayeogelea kwa kifua, kama mara 50 kwa sekunde. Nadhani tumemwona, lakini kwa hadubini hii mkia haukuonekana kwahiyo siandiki zaidi.

Ndorobo

Mfugaji wa Usangu aliyeleta pampu kauliza kama hiki kidudu cha ugonjwa wa ndorobo nacho kina mkia. Anacho. Tripanosoma, ule uliotambaa ubavuni mwa mwili umeshikana nao, ncha iko mbele, na mawimbi yanaanzia nchani kuja shinani, kinyume cha mikia mingi. Na kuogelea kwake sio safari tu: kingamwili za ng'ombe zikimnasa, mkondo wa kuogelea mbele unazisukuma hadi nyuma kwenye kimfuko pale shina la mkia linapotokea, anazimeza. Hii iliandikwa 2007. Mzee alinyamaza, afu akasema "ndo maana haviishi hivi", akalipia pampu yake.

Kinachofuata

Nataka koili mbili kwenye kikopo kimoja, za mpira mgumu usiovimba kwenye oili, niangalie kama zikizunguka upande mmoja zinajikusanya zenyewe kuwa fungu kwa nguvu ya oili tu, na nikigeuza moja fungu linafumuka. Tatizo ni mota, zinatakiwa mbili zenye spidi sawa kabisa, na za magari ya kuchezea za sokoni Mwanjelwa hakuna mbili zinazofanana. Nimetoa waya wa moja nausuka upya kwa idadi ile ile ya mizunguko ya nyenzake, waya mwembamba kama unywele, macho yanauma. Mwenye mbili zinazolingana aniambie kabla sijamaliza hii.